Matapeli Wanaopendana, Kwenye Shuka Jeupe Moshi

Ukitaka kuonyesha nyumbani filamu za zamani za matapeli wanaopendana, anza na Trouble in Paradise ya mwongozaji Ernst Lubitsch, 1932. Wezi wawili wanakula chakula cha usiku Venice, kila mmoja akijifanya wa ukoo bora. Kumbe wanachomoleana: pochi, bruchi, saa. Hakuna anayekasirika, kadiri wanavyoibiana ndivyo wanavyopendana. Utamu wote uko hapo, kwa kuwa tapeli hupendwa na mtu aliyeshamjua.

Kwa sebule ya Pasua au Majengo, mitaa ya mji wa Moshi, projekta ndogo na shuka lililonyooshwa pasi vinatosha. Subiri saa moja na nusu usiku. Mwanga ukivuja pembeni ya pazia, weusi hugeuka kijivu na nyuso zinapauka.

Kosa kubwa ni kujaza shuka lote. Picha hizi si pana: kwa kila kimo cha sentimita 100, upana ni 137 tu. Ukiivuta, watu wanakuwa wanene. Ukiikuza, chini panakatwa, na kwenye The Lady Eve (1941) unaweza kuukosa mguu wa Barbara Stanwyck, anayeigiza tapeli, unaomtega Henry Fonda. Mguu ule ndio filamu yenyewe!

Punguza besi, ile sauti nzito, pia. Waigizaji wanaongea haraka mno, na sauti ya zamani huzama kwenye mvumo.