Siku moja maishani mwangu: fundi wa spika za magari, Mtwara

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua banda mapema kwa sababu ya jua. Ikifika saa sita gari lililolala nje halikaliki, na kazi yangu ni ya kuinama chini ya dashibodi. Dogo anayejifunza kazi kaja na ming'oko ya kuchemsha na chai ya rangi. Tunakula tumesimama huku tunaliangalia gari la leo, IST ya kijana mkulima wa korosho kutoka Nanyamba. Msimu ndiyo huu. Minada ikishaanza Oktoba na malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yakaingia, watu wananunua bati, wananunua simu, halafu wanakumbuka muziki wa gari.

Saa 2. Mwenye gari kaja na orodha yake kichwani. "Fundi, mimi nataka spika nne kubwa za nyuma, zile za umbo la yai, na sabufa. Mbele ziache hizohizo zilizokuja na gari."

Namwuliza, "Mdogo wangu, ngoma ikipigwa uwanjani, wewe unasimama umewapa wapigaji mgongo?"

Kacheka, lakini hajakubali. Basi nikakaa naye kwenye siti za mbele nikamweleza. Sauti za juu, yaani matoazi, filimbi na ile "s" ya mwimbaji, ndizo zinazoliambia sikio muziki unatokea wapi. Ukizipeleka nyuma, mwimbaji anakuimbia kisogoni kutoka kwenye buti. Besi nzito ni habari nyingine. Chini ya hezi 80 hivi, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, sikio halijui kwa uhakika sauti inatoka upande gani, ndiyo maana sabufa inaweza kukaa kwenye buti na bado ukaisikia kama ipo mbele, mradi spika za mbele zimefungwa vizuri. Kwa hiyo pesa ianzie milango ya mbele na twita, vile vispika vidogo vya sauti za juu, ifuate amplifaya ya kuzipa spika nguvu, halafu sabufa. Za nyuma ni za abiria wa nyuma, nazo ziwe chini kiasi cha dereva kutozitambua.

Kaafiki kwa shingo upande. Sabufa haachi, na mimi sikumlazimisha.

Saa 3. Milango. Hapa ndipo inapokwenda nusu ya siku yangu, na hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka. Mtu anatoa spika ya zamani, anaingiza mpya yenye jina kubwa, anafunga skrubu, anadai hela yake. Mteja anaondoka na spika ya bei mbaya inayolia kama ile aliyoitoa.

Ni hivi. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Mlango wa gari ndani una matundu makubwa ya kupitishia mkono wa fundi wa vioo. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kuja mbele kupitia matundu hayo, hewa hizo mbili zinakutana na kuuana, na kinachokufa kwanza ni besi. Ukiona mtu anaongeza sauti kila siku akitafuta besi ambayo haiji, fungua mlango wake uangalie matundu.

Dogo anatoa skrubu iliyojificha nyuma ya kishikio, kisha anachomoa klipu moja moja kuanzia chini. Nyuma ya kava kuna nailoni. Ile si uchafu wa kiwandani. Maji ya mvua yanapita ndani ya mlango kila inaponyesha na kutokea kwenye vitundu vya chini, na nailoni ndiyo inayozuia yasiingie kwenye kava na miguuni. Tunaibandua taratibu, inarudi mahali pake. Vitundu vya chini haviguswi kabisa.

Tunafuta bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, maana hapa mjini bati lina chumvi ya bahari hata kama gari halijawahi kukanyaga ufukwe. Kisha tunabandika shiti za kuzuia mtetemo, zile zenye foili juu na utomvu mweusi chini, kuanzia lile bati la nje lililo nyuma ya spika, halafu tunaziba matundu makubwa. Ukiugonga mlango kabla, unalia "tang". Ukiugonga baada ya hapo, unalia "dup", mfupi. Mwenye gari kaugonga mwenyewe, kaja kunitazama, hakusema neno.

Spika ni za inchi 6.5, na ringi ninayofungia ni ya plastiki. Ringi za mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa zinatengenezeka haraka, ila kwa unyevu wa pwani hii zinavimba hata ukizipaka rangi. Kabla ya kukaza chochote nampigia kelele dogo: "Kioo mpaka chini!" Sumaku ikigusana na kioo kinachoshuka, umenunua kioo.

Saa 5. Twita. Sauti yake inakwenda kama mwanga wa tochi, kwa hiyo mahali na mwelekeo vinaamua karibu kila kitu. Ukiiweka chini mlangoni, goti la dereva linaimeza. Ukiilaza juu ya dashibodi ikitazama juu, inagonga kioo cha mbele na kurudi, unasikia sauti mbili zilizopishana kidogo, na muziki unakuwa mkali wa kuchosha. Mimi napenda ile pembetatu ya plastiki iliyo upande wa ndani wa saiti mira. Inakuwa usawa unaokaribia masikio, na haiko mbali sana na spika ya mlangoni, kwa hiyo mbili hizo zinasikika kama chombo kimoja. Nguzo ya kioo cha mbele nayo inafaa, lakini magari mengi yana eabegi ya pazia, mfuko wa hewa wa kukinga kichwa kwenye ajali, inayopita humo. Hapo sitoboi, hata unilipe mara mbili.

Sibandiki moja kwa moja. Naishika kwa gundi ya muda, mwenye gari anakaa siti ya dereva, nawasha wimbo wenye sauti ya mwanamke na vyombo vichache, naigeuza kidogo kidogo mpaka aniambie mwimbaji kasimama katikati ya dashibodi.

Saa 7. Wali na samaki. Wa bajaji kaja anataka sabufa chini ya siti ya abiria. Nimempa bei, kaondoka.

Saa 8. Waya. Fyuzi inakaa karibu na betri, si karibu na amplifaya, kwa sababu inalinda waya usiwake moto. Waya wa umeme unapita kushoto, wa sauti kulia, la sivyo alteneta itakuimbia kila ukikanyaga mafuta. Ethi inafungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi.

Kisha kila spika ya mlangoni naigusisha betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa chanya, na koni lazima itoke nje. Moja ikiingia ndani wakati mwenzake inatoka, besi inapotea na mwimbaji anatawanyika gari zima.

Saa 10. Gari zetu usukani uko kulia, kwa hiyo spika ya kulia inamfikia dereva kwanza. Nimepima kwa tepu: kulia sentimita 85 hadi sikioni, kushoto 135. Sauti inakwenda sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja, basi nimeichelewesha ya kulia milisekunde 1.5 kwenye redio ili zote mbili zimfikie pamoja. Spika za milango nimezikata kwenye hezi 80, chini ya hapo kazi ni ya sabufa. Tukalijaribu barabara ya Mikindani, vioo vikiwa juu.

Saa 2 usiku. Simu kutoka Nanyamba. "Fundi, mimi nasikia safi, ila mke wangu kakaa kushoto anasema mwimbaji yuko mlangoni kwake, hayuko katikati."

Nikamwambia ucheleweshaji unamfaa mtu wa siti moja tu. Abonyeze programu ya pili, nimeiacha haina ucheleweshaji, hiyo ni ya wawili. Nikasikia anabonyeza, kisha shemeji akasema kwa mbali, "Eeh, hapo sasa."

"Na zile za nyuma, fundi, lini?"

"Korosho za mwakani, mdogo wangu."