Hisabati ya GRE: jaribu namba kabla ya kukokotoa

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu GRE, mtihani wa kujiunga na masomo ya uzamili na uzamivu katika vyuo vikuu vingi, huiogopa sehemu ya hisabati kwa sababu waliachana na somo hilo kidato cha nne, na hofu hiyo huwafanya wakimbilie vitabu vya kalkulasi, mada ambayo haimo katika mtihani huo. Kinachoulizwa ni hesabu, aljebra, jiometri na takwimu za sekondari. Tangu Septemba 2023 kuna maswali 27 kwa dakika 47, yaani 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26, na ugumu wa fungu la pili hutegemea ulivyofanya katika la kwanza.

Kwa maoni yangu, kinachotukwamisha zaidi ni mazoea. Shuleni tulizoeshwa kuonyesha njia, kwa kuwa msahihishaji hutoa alama za hatua hata jibu la mwisho likikosewa, ilhali GRE hupokea jibu pekee. Mtahiniwa anayeandika kila hatua kwa uaminifu huishiwa na muda akiwa anaijua hesabu vizuri kabisa.

Hali hiyo huonekana zaidi katika maswali ya kulinganisha, ambapo unapewa viasi viwili na kuulizwa kipi ni kikubwa. Tuseme Kiasi A ni kipeo cha pili cha x, Kiasi B ni x, na hakuna sharti lolote. Ukiweka 2, A ni 4, hivyo A ni kikubwa. Ukiweka nusu, A ni robo, na sasa B ndicho kikubwa. Majaribio mawili yametosha: uhusiano hauwezi kujulikana, na hilo ndilo chaguo D. Lakini ukiambiwa kwamba x ni namba kamili isiyo 0 wala 1, A hushinda daima, hata x ikiwa hasi. Ndiyo maana nasisitiza mazoezi ya kila siku ya kujaribu 0, 1, sehemu na namba hasi, na kusoma sharti la swali mara mbili.

Usiache swali wazi, kwani jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Mitihani miwili ya mazoezi inayotolewa bure na ETS, shirika linaloandaa GRE, usiimalize wiki ya kwanza: fanya mmoja baada ya kupitia mada zote, na wa pili siku chache kabla ya mtihani, kwa muda kamili na kwa kikokotoo cha kwenye skrini.