Kutwa nzima na kreta ya Empakaai

Saa 11 alfajiri. Mimi ni mwongoza wageni, na leo tunaondoka kijiji cha Nainokanoka kukiwa bado giza. Baridi ya nyanda za juu za Ngorongoro inapenya hata koti zito. Tunakatiza uwanda wa Embulbul, wageni wamejikunyata kimya.

Saa 2 asubuhi. Tuko ukingoni mwa kreta, na askari mwenye bunduki ametangulia, maana msituni kuna nyati. Mawingu hayajapanda, kwa hiyo tunauona mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai wote. Hapa huwa nakawia makusudi. Safu hii ya milima ilizaliwa na Bonde la Ufa, na kwa ujumla umri wake unapungua ukielekea kaskazini mashariki: Ngorongoro ina miaka zaidi ya milioni 2, Empakaai haijafikisha milioni 1, na Lengai ndiye kitinda mimba anayepumua mpaka leo. Lava yake ya kikaboneti, yaani yenye madini ya jamii ya magadi, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava ya kawaida. Hutoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Julai 2007 tetemeko la eneo hili lilisikika hadi Nairobi, na Septemba mlima ukaanza kutapika majivu hadi mwaka uliofuata.

Saa 3. Tunateremka. Mgeni mmoja ana uhakika kwamba shimo hili lilichimbwa na mlipuko. Wengi huamini hivyo, na hata waongozaji wenzangu wengine huwaambia hivyo hivyo, jambo linaloniudhi. Namwambia, dada, fikiria hema lililong'olewa nguzo. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyokuwa chini ya mlima ilipungua kwa kumwagika nje, paa la mwamba likakosa cha kulishikilia, likadidimia. Kilele kilichokuwa juu yetu sasa kiko chini ya miguu yetu. Ukutani kando ya njia zinaonekana tabaka za lava na za majivu yaliyogandamana, na hizo ndizo kumbukumbu za mlima kabla haujaporomoka.

Saa 4 na nusu. Ziwani. Heroe wamejaa pembezoni, kamera zinalia. Mimi nawaomba wageni waonje kwa ncha ya kidole tu: maji yana magadi. Mvua huosha chumvi kutoka kwenye miamba ya volkano na kuzileta hapa, hazina pa kutokea, jua linakausha maji na kuziacha. Chini ziwani, tope limetulia tabaka kwa tabaka kwa maelfu ya miaka; watafiti wamelichimbua kusoma vipindi vya mvua na vya ukame.

Saa 6 mchana. Kupanda. Hapa hakuna cha kusimulia, ni kuhema tu.

Saa 9 alasiri. Ndani ya gari, yule dada anauliza kwa nini Olmoti, mlima jirani ambao nao ni kaldera, yaani shimo la mlima uliodidimia, haina ziwa kama hili. Swali zuri kuliko yote ya leo. Ukuta wa Olmoti umepasuka upande wa kusini. Mto Munge unapenya hapo, unaanguka kwa maporomoko, kisha unashuka hadi ndani ya Ngorongoro na kuishia Ziwa Magadi la humo humo kreta. Anataka kuyaona maporomoko. Nimemwambia kesho asubuhi, akiweza kuamka.