Nilivyosajili jina la biashara yangu ya kusuka Houston

Ninasuka nywele Houston, Texas, kwenye chumba nilichopanga ndani ya saluni upande wa Alief. Kusuka kwenyewe hakuhitaji leseni. Jimbo liliifuta mwaka 2015. Jina la biashara ndilo lenye sheria zake, nami nilianza kulifuatilia benki iliponiambia kuwa hundi zenye jina hilo hazitapokelewa mpaka nilete cheti cha jina la biashara kilichopitia kwa karani wa kaunti, yaani ofisi inayotunza rekodi za kaunti.

Kwanza nilitaka kujua kama kweli nalazimika. Texas wanaangalia jina la ukoo. Mtu mmoja akiita biashara yake kwa ukoo wake, hadaiwi cheti. Ila akiongeza neno linaloonyesha kuwa wenye biashara ni wengi, kama "na Wanawe" au "Ndugu", anadaiwa. Jina langu halikuwa na ukoo wowote, basi sheria ilinihusu.

Fomu ya Kaunti ya Harris, ambamo saluni yangu iko, ni fupi. Unajaza jina la biashara, aina ya umiliki, muda usiozidi miaka 10, jina lako kamili na anwani ya nyumbani unakoishi. Hapo kwenye anwani nilisita sana. Rekodi za karani ziko wazi kwa yeyote, na mwanamke anayeishi na watoto wadogo ana haki ya kulifikiria hilo. Lakini shabaha ya sheria ni mteja aweze kumjua mtu aliye nyuma ya jina, na makazi ni sehemu ya hayo. Niliandika. Baadaye zilianza kuja barua zilizofanana na za serikali, zikitaka pesa nyingi eti nipate nakala ya cheti changu. Dada zangu, msilipe. Nakala iko kwa karani, na ada yake ni ndogo.

Fomu usiisaini nyumbani. Saini inawekwa mbele ya nota (mthibitishaji wa saini) au mbele ya karani mwenyewe, nawe uwe na kitambulisho chenye picha.

Kwa kuwa nina wateja wengi kaunti jirani ya Fort Bend, wengine wananiita hadi majumbani kusuka mabibi harusi, niliulizia kama huko nako napaswa kuwasilisha. Jibu liko kwenye sheria: unawasilisha katika kila kaunti ulipo na eneo la biashara. Asiye na eneo popote ndiye anayewasilisha kila kaunti anakofanyia kazi. Chumba changu kiko Harris, basi Harris ikatosha.

Jambo ninalotaka tulielewe vizuri sisi tuliotoka Tanzania ni hili. Nyumbani BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara, wanaweza kulikataa jina lako kwa sababu limefanana na la mwingine. Huku karani hakulindii jina. Anapokea, anaweka kwenye orodha, basi. Mwingine anaweza kuja kesho na jina hilo hilo, na mwenye alama ya biashara iliyosajiliwa bado anaweza kukuzuia hata kama cheti unacho mkononi. Ndiyo maana kabla ya kulipa nilitafuta jina langu kwenye orodha ya kaunti, kwa Katibu wa Jimbo na kwenye sajili ya alama za biashara ya Marekani. Nawasihi mfanye hivyo kabla ya kuchapisha mabango.

Usipowasilisha, mkataba wako na mteja haufi, ila huwezi kumshtaki mahakamani kwa deni mpaka uwe umewasilisha. Kukwepa kwa makusudi ni kosa la jinai.

Shemeji yangu alipoingia ubia nami, cheti cha zamani hakikusema tena ukweli kuhusu wenye biashara. Sheria inatoa siku 60 tangu badiliko kutokea. Tulijaza kipya kama washirika, tukasaini wote wawili mbele ya karani, kisha tukapeleka nakala benki.