Siku yangu kitaluni Dodoma: mche umeungua au umeoza?

Saa 11:30 alfajiri. Oktoba hapa Dodoma, huu ndio muda wenye ubaridi. Napita na tochi kwenye meza za bromelia, ndugu wa nanasi ambao asili yao ni bara la Amerika. Miche mingi bado ni midogo kuliko ukucha. Nafunua kontena za plastiki moja baada ya nyingine na kunusa. Uozo una harufu ya uchachu; mche uliounguzwa na jua haunuki.

Saa 1 asubuhi. Napulizia maji, manyunyu tu. Miche hii naitunzia maji ya mvua, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi na huacha ukoko mweupe kwenye majani.

Saa 3. Kontena tatu zina miche iliyobadilika rangi. Kijana ninayefanya naye kazi ananiambia, "Dada, hizi zimekosa maji." Kila mtu husema hivyo, na hapo ndipo miche mingi hufia, maana iliyooza ikiongezewa maji inakwisha kabisa.

Namwonyesha jinsi madhara yalivyosambaa. Kontena ya kwanza, miche iliyodhurika yote iko upande wa mashariki, inagusa plastiki. Majani yamepauka, yamekauka kama karatasi, lakini shina chini ni gumu. Hilo ni jua, na mche huo utapona ukipata kivuli. Ya pili, ugonjwa umeanzia sehemu moja katikati ukatanuka kwa duara. Nashika jani changa la moyoni kwa kibanio, navuta taratibu, linachomoka lote. Chini yake ni laini na limelowa. Huo ni uozo wa kuvu.

Ya tatu ina vyote viwili, na ndiyo inayonisikitisha zaidi. Ilifunikwa kabisa, jua likaipata, miche ikapikwa kwa mvuke ndani. Kuvu ilikuja baadaye kula kilichokwisha kufa. Ukipulizia dawa ya kuvu hapo unatibu matokeo, chanzo ni joto.

Saa 5. Anaingia mama mmoja mteja, namsalimia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Ameleta bromelia yake kubwa yenye madoa, na kwenye mfuko ana dawa ya shaba aliyopewa na jirani mwenye shamba la zabibu. Namshukuru Mungu hajapuliza bado. Dawa hiyo huzuia ubwiri, ugonjwa wa ukungu, kwenye mizabibu, lakini kwa bromelia shaba ni sumu, hata kidogo chake. Namshauri amwage maji yaliyotuama katikati ya majani, aisogeze penye hewa, na dawa airudishe kwa jirani.

Saa 7 mchana. Hakuna kumwagilia. Maji yaliyolala ndani ya mpira mweusi juani yanaunguza mkono, sembuse jani changa.

Saa 10. Nahamisha miche mizima ya kontena ya pili kwenye mchanganyiko mpya wa maganda ya nazi, mchanga mnene na vipande vya mkaa, nikiiachia nafasi. Ya kwanza naiweka chini ya neti mbili.

Saa 12 jioni. Ya tatu nimeitupa yote pamoja na udongo wake, na boksi nimelisugua kwa klorini. Vifuniko vilivyobaki tunavitoboa matundu usiku huu, kabla jua halijachomoza.