Hewa ya Ukaa Hutoka Kabla Mpangaji Hajaingia

Mwezi uliopita nilikaa nyumbani siku tatu tukimjengea mama nyumba ya vyumba vitatu, na tangu niliporudi Kisumu sijaacha kulifikiria rundo la mifuko ya saruji lililokuwa limepangwa chini ya mwembe, juu ya mbao, likiwa limefunikwa turubai. Fundi wetu, mzee ambaye amejenga nyumba nyingi za kijiji kile, alikuwa ameagiza saruji ya 42.5, daraja lenye nguvu kuliko ile ya 32.5, kwa kazi yote, kuanzia msingi hadi plasta. Nilipomwuliza kwa nini plasta ya ukutani ihitaji saruji ileile inayobeba nguzo, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, ramani imeandika hivyo, nami hufuata ramani." Alisema kweli. Ramani iliandika hivyo, na ilikuwa imepigwa muhuri.

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,450, na kinachotoka humo huitwa klinka. Makaa yanayowasha tanuri hilo hutoa hewa ya ukaa (kaboni dioksidi), lakini sehemu kubwa zaidi hutoka ndani ya jiwe lenyewe: kila kilo 100 za chokaa safi zinapochomwa, kilo 44 hupaa hewani, hata kama moto wenyewe ungekuwa wa jua. Ndiyo maana tani moja ya klinka huacha angani karibu kilo 850 za hewa ya ukaa. Mfuko wa kilo 50 ambao ni klinka karibu tupu, kama ile aliyoagiza fundi wetu, umekwisha kutoa kama kilo 40 kabla haujapakiwa kwenye lori. Mfuko wa 32.5 uliochanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano yanayochimbwa katika Bonde la Ufa, unaweza kuwa na klinka asilimia 60 au pungufu, na hivyo hesabu yake hushuka hadi kilo 25 hivi. Kwa plasta na kwa kuunganishia matofali, huo wa pili unatosha kabisa.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu majengo na tabianchi yameazimwa kutoka nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa joto kwa gesi miezi mingi ya mwaka na kosa kubwa la jengo ni kuvujisha joto. Kwetu hali ni tofauti. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Hapa jirani mtambo wa maji wa Sondu Miriu peke yake ina uwezo wa megawati 60. Taa ikiwaka Milimani au Mamboleo, kaboni yake ni ndogo. Kaboni ya nyumba mpya ya Kisumu imo katika saruji, katika vyuma na katika matofali, na yote hulipwa kabla mpangaji wa kwanza hajafungua mlango. Sera itakayohesabu balbu na kusahau slabu itakuwa imehesabu kidogo na kuacha kingi.

Mataifa mengine yamekwisha kuanza kuhesabu slabu. Mwaka 2023 Denmaki iliweka kikomo kwa majengo mapya yenye zaidi ya mita 1,000 za mraba: kilo 12 za hewa ya ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, vifaa vya ujenzi vikiwa ndani ya hesabu. Ufaransa ilianza mwaka 2022, na kanuni yake hukazwa hatua kwa hatua ili viwanda vipate muda wa kujipanga. Sisi nasi tuna Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, na Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi zilizoanza kutumika mwaka 2025 zimechukua mahali pa zile za 1968. Nilipopeleka ramani ya mama, niliulizwa umbali wa ukuta kutoka mpaka wa jirani, shimo la choo litachimbwa wapi, na madirisha yana upana gani. Hayo ni maswali mazuri, na sina ugomvi nayo. Hakuna aliyeniuliza nyumba ile itameza tani ngapi za saruji na za aina gani, ingawa jibu tayari lilikuwapo katika orodha ya vifaa niliyokuwa nimeibeba mkononi.

Hapo ndipo ningetaka serikali ianze: orodha hiyo iambatanishwe na ramani, na kwa kila kifaa iandikwe aina yake na kaboni yake kwa kiwango kimoja cha taifa. Kikomo kifuate baadaye, tukishajua tulipo. Msanifu akilazimika kuandika namba hiyo, ataiona, na akiiona atajiuliza kama plasta inahitaji 42.5.

Matofali nayo yanahitaji kuangaliwa kwa makini. Ukipita vijiji vya Bungoma au Kakamega wakati wa kiangazi utaona matanuri ya matofali yakifuka moshi kando ya shamba, na pembeni mikaratusi iliyokatwa ikisubiri zamu yake. Siwalaumu wachomaji, ni kazi inayosomesha watoto. Lakini tofali la kushindiliwa kwa mashine ya mkono, la murram iliyochanganywa na saruji asilimia 5 hadi 10, halihitaji kuni hata kipande. Hufunikwa nailoni, hunyunyiziwa maji kwa majuma kadhaa, kisha hujengwa kwa kufungamana, na saruji ya kuunganishia hupungua sana. Wachomaji walewale wangeweza kuyatengeneza endapo kaunti ingewakopesha mashine na kuwapimia udongo.

Udongo lazima upimwe, kwa maana si kila mahali panafaa. Udongo mweusi wa tambarare za Kano hufura mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Haufai kwa matofali hayo, na ukijenga juu yake ni lazima uuchimbe hadi ufike palipo pagumu, kisha ujaze mawe na zege. Rafiki yangu aliyejenga Nyamasaria alitumia saruji nyingi chini ya ardhi kuliko juu yake. Kwa hiyo kaunti inaporuhusu mji utanuke kuelekea Ahero, katika tambarare hizohizo, badala ya kuongeza ghorofa katika viwanja vilivyo kwenye miamba, inaamua pia juu ya kaboni, hata kama neno hilo halikutajwa mkutanoni.

Serikali yenyewe sasa ni mjenzi mkubwa. Mimi, kama mwajiriwa mwingine yeyote, hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wangu huongeza kiasi kilekile. Fedha hizo zinanipa haki ya kuomba kwamba zabuni za nyumba hizo ziwe za kwanza kudai saruji ya pozolana pale inapofaa, na kwamba mkandarasi aeleze kwa maandishi kwa nini amechagua nyingine. Mnunuzi wa ukubwa huo akiuliza swali moja, viwanda vyote vya saruji vya Athi River vitalitafutia jibu.

Kuhusu nyumba ya mama, tulikubaliana na mzee. Mhandisi alitusahihishia ramani kwa kalamu na kutia sahihi: 42.5 ibaki kwenye msingi, nguzo na lenta, 32.5 itumike kujengea na kupiga plasta. Mifuko 46 ilirudishwa dukani na kubadilishwa, na fundi akaniambia niache nakala ya ramani ile iliyosahihishwa, kwa sababu mwezi ujao ana nyumba nyingine ng'ambo ya mto.