Kujaza mtungi wa oksijeni wa ndege ndogo hapa Mombasa

Adui wa kwanza ni mafuta. Grisi kidogo tu kwenye thredi za valvu, ikikutana na oksijeni ya shinikizo kubwa, yaweza kuwaka yenyewe. Hata losheni ya mikono iache nyumbani.

Wa pili ni unyevu wetu wa pwani. Usitumie mtungi hadi uishe kabisa, wala usiache valvu wazi: hewa yenye maji huingia, na huko juu kwenye baridi maji hayo huganda ndani ya regileta, kile kifaa cha kupunguza shinikizo.

Ukiwa na mitungi mikubwa mitatu ya kujazia, anza na wenye shinikizo dogo, malizia na uliojaa. Fungua polepole, polepole mno. Mtungi wa ndege ukipata joto, simama. Geji ikisoma 1,800 psi (kipimo cha shinikizo) mtungi ukiwa na joto hilo, ukipoa itashuka, ongezea. Mitungi mingi ya chuma hupimwa uimara kila miaka 5. Tarehe ya kipimo cha mwisho hugongwa shingoni; muda wa kupima tena ukipita, usijaze.